Mwaka Tulioilisha Rweya

Siku ya tatu ya matanga ya Verdiana, waliokuwa jikoni kwake ni hawa. Mimi Odilia, niliyepakana naye shamba tangu tukiwa vijana wenye meno yote. Eunike, wa tatu wetu, Mlutheri, binti wa mwinjilisti, ambaye sasa anatembelea fimbo lakini mdomo wake hauhitaji fimbo. Georgia, wifi yangu, mjane wa kaka yangu Speratus. Jasinta, binti wa marehemu, aliyeolewa Buhembe, pamoja na binti yake Renatha ambaye ni mwalimu. Na mzee Mbwambo, Mpare wa Same, aliyekuwa bwana shamba wetu enzi za ujamaa. Alitumwa kwetu kwa muda, akaoa msichana wa mtaa wa Bilele, muda ukaisha yeye akabaki, na leo anasema Kihaya chenye milima ya kwao ndani yake. Mwanamume haketi jikoni kwenye matanga, lakini Mbwambo tulimwita sisi wenyewe, na alipoketi kwenye kigoda hakuna aliyemuuliza. Wengine walikuwa nje, nao siwataji, kwa sababu mwaka ninaotaka kuueleza walikuwa hawajazaliwa, au walikuwepo na walitucheka.

Tulikuwa tunamenya ndizi. Renatha alitoka nje kuleta mkungu mwingine, akarudi na matope kwenye kiatu. Akasema, kwa nia njema kabisa, “Bibi, udongo wa hapa ni mweusi mpaka magotini. Bibi Verdiana alibahatika, alipewa kibanja kizuri.”

Eunike akaweka kisu chini. “Alipewa?”

“Si alipewa na kijiji?”

“Mbwambo, umesikia? Wanasema tulipewa.”

Mbwambo alicheka mpaka akakohoa, Georgia akampiga mgongoni. “Walipewa, ndiyo,” akasema alipopata pumzi. “Walipewa nyasi.”

Basi nikaona kwamba tukifa sisi wanne, hakuna atakayebaki wa kusema jinsi nyasi zilivyogeuka kuwa udongo mweusi. Verdiana alikuwa akiijua hadithi hii kuliko mimi, lakini hakuwa msemaji. Nitaieleza mimi.

Kwa asiyetoka kwetu, nianze na hili. Mhaya ana ardhi za namna mbili. Kuna kibanja, pale penye nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Na kuna rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, ng'ombe wanakokula, na wanawake wanakolima njugu mawe kidogo kisha wakahama. Kibanja ni cha mwanamume na ukoo wake. Rweya ilikuwa ya kila mtu, maana yake haikuwa ya mtu. Ng'ombe walishinda kule wakila, jioni wakarudi kulala nyumbani, na kile walichokula kule wakakiacha huku. Nyasi za kutandika sakafuni nazo tulizikata rweya, tukazilalia, tukazikanyaga, zikichakaa tukazitupa migombani. Kila jioni, tangu wazee wa wazee wetu, rweya ilikuwa inahamia kibanjani, ndani ya matumbo ya ng'ombe na juu ya vichwa vya wanawake. Kisha tukakaa kivulini tukasema, “Rweya haizai, Mungu aliiumba maskini.” Haya nimeyafikiri baadaye, nikiwa na muda wa kufikiri. Mwaka ule nilijua jambo moja tu, kwamba sikuwa na mahali pangu.

Nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume. Yaliyonirudisha si ya ukurasa huu. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Amin, watu walipokuwa wakipangwa katika vijiji, na mkoa wetu bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Nyumba ya kaka yangu ilikuwa juu ya Nshamba, nami nililala chumba cha nyuma, kilichotengwa na ng'ombe kwa ukuta wa matete uliokandikwa udongo upande mmoja tu. Nilikipenda chumba kile, sisemi uongo. Kilikuwa na joto la ng'ombe, harufu ya moshi na ya kahawa iliyokuwa ikikauka darini, na kitanda cha Mama kilikuwa hatua chache kutoka changu. Ubaya wake ni kwamba matete hayazuii maneno. Jioni moja, kabla sisi wote hatujakaa kula, nilimsikia Georgia akimwambia kaka yangu, “Simfukuzi. Nauliza tu. Watoto wanakua, na mkungu ni ule ule.”

“Ni dada yangu,” Speratus akasema.

“Najua ni dada yako. Je, kibanja kinajua?”

Kibanja kilikuwa kinamjua kaka na watoto wake wa kiume, na mimi kilinijua kama mlango unavyomjua mgeni. Tulipokaa kula, ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, Georgia alinipakulia sawa na wengine, hata akaniongezea mchuzi. Lakini nilijikuta natafuna polepole, kama mtu anayeogopa kusikika. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine duniani ila mahali ambapo nikila ndizi, ndizi ile isimwulize mtu mimi ni nani.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Ta Ishengoma, akaitisha mkutano. Hilo “Ta” ndiyo heshima tunayompa mwanamume mzima, kama “Ma” kwa mwanamke. Alikuwa mtu mwenye sauti kubwa na kofia ya chama, na alisimama juu ya kisiki kwa kuwa alikuwa mfupi. Akatangaza kwamba asiye na kibanja atapimiwa shamba kule rweya.

“Hata wanawake?” mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

“Hata wanawake.”

“Wapeni, wapeni! Rweya hailishi hata sungura!”

Watu wakacheka. Ta Ishengoma akangoja wanyamaze, kisha akaweka sharti. Atakayeonyesha mazao kabla masika hayajaisha, shamba litakuwa lake moja kwa moja. Atakayeshindwa, kijiji kitalichukua na kupanda mikaratusi. Nikatazama huku na huku. Wanawake waliosimama walikuwa watatu. Mimi, Verdiana, ambaye mumewe alikufa na shemeji zake wakakichukua kibanja kabla majani ya kaburi hayajanyauka, na Eunike, ambaye alikuwa hajaolewa na hakuonekana kujali. Mzee mmoja akamwuliza, “We binti wa mwinjilisti, si utafute mume kwanza?” Eunike akamjibu, “Mume anaweza kuondoka, Ta. Shamba litaondokaje?”

Mbegu za mahindi zilikuja, na mbolea ilikuja, mifuko mizito iliyoshushwa kwenye ghala la ushirika Nshamba, nasi tukaibeba vichwani kupandisha mlima. Mbwambo alikuja na baiskeli. Alikuwa kijana mwembamba, magoti yote mifupa, mwenye Kiswahili cha shule kilichonyooka kama rula. Akatuonyesha. Chimba shimo. Tia mbolea, kipimo ni kizibo cha soda. Funika na udongo kidogo. Weka mbegu, funika tena. “Hii ni mbolea ya kupandia,” akasema. “Ndani yake kuna fosforasi. Fosforasi ni chakula cha mizizi.” Tukarudia baada yake kama watoto wa katekisimu. Akapanda baiskeli akaenda kwenye vijiji vingine, na hatukumwona tena kwa majuma mengi.

Tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza kufuata alivyotuonyesha, Mama akafika na kikapu chake. Mama alikuwa hodari wa kibanja kuliko mtu yeyote niliyemjua. Migomba yake ilikuwa mpaka inaegemezwa nguzo kwa uzito. Akasimama akatutazama.

“Mnafanya nini?”

“Tunafukia mbolea, Mama.”

“Mmeona wapi? Mgomba unalishwa juu. Samadi juu, majivu juu, nyasi juu, mvua inashusha. Kinachofukiwa ni maiti.”

“Na mbegu, Ma,” Eunike akasema.

“Mbegu inatoka yenyewe. Hiyo ya Mpare itatoka?”

Leo tunaweza kucheka, lakini mjue Mama alisema kweli. Kibanjani mizizi ya mgomba inatembea juu juu, karibu na uso wa ardhi, na chochote unachokitandaza pale kinaufikia. Vizazi na vizazi vilikula kwa kutandaza. Hakuna Mhaya aliyewahi kufukia chakula cha mmea na akaonekana ana akili. Basi tukaiacha ile njia ya mashimo. Tukapanda mbegu zetu, mbolea tukainyunyiza juu kama majivu, halafu tukatandika nyasi safi shamba lote. Lilipendeza kama sebule siku ya Krismasi. Verdiana akarudi nyuma akaliangalia, akasema neno lake moja la siku hiyo: “Zuri.”

Mahindi yakaota. Yakafika urefu wa kiganja, yakasimama. Halafu majani yakaanza kubadilika rangi, kwanza kwenye kingo, kisha jani zima, yakawa zambarau, zambarau kabisa, kama vazi la padri wakati wa Majilio. Na kweli Majilio yalikuwa yanakaribia. Eunike akasema, “Nyinyi Wakatoliki, hata mahindi yenu yanaingia misa. Lakini ya kwangu yamefuata nini?” Ya kwake yalikuwa zambarau vile vile.

Msiba mkubwa ni kwamba ule ulikuwa wakati wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Msio wa kwetu hamjui maana yake. Senene wakishuka, kijiji kizima kinahamia rweya alfajiri, wazee, watoto, wajawazito, kila mtu na chombo chake, wanakamata senene kwenye nyasi zenye umande. Yaani hapakuwa na mtu katika kata nzima ambaye hakupita kando ya mahindi yetu. Walipita wamebeba vikapu, wakisimama, wakiita wenzao. “Njooni muone mahindi ya wajane!” “Hayo si mahindi, ni maua ya altare!” Mimi senene wa mwaka ule sikuwakamata. Nililetewa waliokaangwa, na Georgia, kwenye sahani iliyofunikwa.

Mbwambo aliporudi hakupiga kelele. Alichuchumaa katikati ya shamba, akafunua nyasi kwa vidole. Chini ya nyasi, juu ya udongo, chembe zile za kijivu zilikuwa bado zipo, zimelainika kidogo, zimekaa pale pale tulipoziacha.

“Kuna mbolea inayoshuka na mvua,” akasema. “Hii haishuki. Haina miguu. Ukiiweka juu inakaa juu, na mizizi iko chini inalia njaa. Mmea ukikosa fosforasi unakuwa rangi hiyo.”

“Tukiifukia itapona?” nikauliza.

Akachukua bonge la ule udongo mwekundu, akalifinya. “Nitawaambia ukweli. Udongo huu una choyo. Ukiupa fosforasi peke yake unaifumbata, na mmea haupati yote. Ukiichanganya na samadi shimoni, unalegeza mkono. Mnayo samadi?”

Tukatazamana. Samadi! Kila nyumba ilikuwa nayo, imelundikana, inatoa moshi asubuhi. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haki ya kikapu kimoja.

Nilimwomba kaka yangu siku ya Jumapili, baada ya misa, wakati amekula na amepumzika. Mama alikuwepo, Georgia alikuwepo. Nikasema yote, shimo, kizibo, choyo cha udongo. Speratus alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, naomba mumkumbuke hivyo.

“Odilia,” akasema, “samadi haitoki kibanjani. Baba hakuitoa, Babu hakuitoa. Kibanja hiki ni wao. Unataka niwabebe kwa kikapu niwapeleke porini?”

“Nataka kikapu, kaka. Siwataki wao.”

“Ni kitu kimoja.”

Mama akashusha macho. Georgia akaondoa sahani. Sikukasirika, na hata leo sikasiriki, kwa sababu alikuwa anasema alichoamini, na kwa njia yake alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Nguvu ya babu zake ilikuwa kweli mle ndani. Alichokuwa hajui ni kwamba ilitoka rweya.

Aliyefungua mlango ni Verdiana. Tulikuwa tumekaa karibu na chemchemi ya rweya, jua kali la Januari, pale ng'ombe wa kijiji walipokuwa wakipumzika mchana baada ya kunywa. Kwetu ng'ombe wa nyumba nyingi walichungwa pamoja, kwa zamu, leo fulani, kesho mwenzake. Wamelala pale, wanacheua, na kila mmoja anaacha lake. Verdiana akanyoosha kidole.

“Samadi ya kibanjani ni ya kibanja,” akasema. “Hii ya hapa ni ya nani?”

Tulikimbia kutafuta vikapu.

Wiki zilizofuata tukawa watu wa mikia. Ndivyo walivyotuita, wanawake wa mikia. Tuliokota mavi ya ng'ombe kwa mikono, mabichi na makavu, tukabeba, tukarundika mashambani, tukafunika kwa nyasi yaive. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitoka kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akanipigia kelele njiani, “Odilia! Mume wako mpya ana pembe ngapi?” Sikuwahi hata kufungua mdomo. Eunike, nyuma yangu, na kikapu kichwani, akamjibu, “Mbili, Ta, na harudi nyumbani amelewa!” Watu waliokuwa naye wakacheka mpaka wakakaa chini, na yeye mwenyewe akacheka, na tangu hapo alikuwa akitusalimu vizuri.

Lakini haikutosha. Shamba ni kubwa, kikapu ni kidogo, na chemchemi ilikuwa mbali. Mpaka Februari nilikuwa na lundo lisilofika hata nusu ya haja. Verdiana alianza kusema kwamba tulime robo tu, na sote tulijua robo haitamridhisha Ta Ishengoma, maana miche ya mikaratusi ilikuwa tayari imepangwa nyuma ya ofisi ya kijiji, inamwagiliwa.

Siku ya zamu ya Speratus nilikuwa shambani nachimba mashimo. Nikasikia kwato. Nikainua uso, nikaona kundi zima linakuja, linaipita njia ya vivuli vya chemchemi, linaingia shambani kwangu. Kaka yangu alikuwa nyuma yao na fimbo begani.

“Speratus, pa kupumzika si kule?”

“Wamekwisha kunywa.”

“Basi mbona…”

“Wamechoka. Watalala hapa.”

Akakaa juu ya jiwe, kanipa mgongo. Akatoa akamwani mfukoni, ile kahawa yetu ya kutafuna, akanipa chache bila kugeuka. Tukatafuna. Ng'ombe wakalala mmoja mmoja juu ya udongo wangu mwekundu.

“Kibanjani sikutoa kitu,” akasema baadaye.

“Hukutoa.”

“Asije mtu akasema nimetoa.”

“Hakuna atakayesema, kaka.”

Ng'ombe mmoja mkubwa wa kahawia akasimama, akainua mkia, akafanya kazi yake kwa utulivu, kwa wingi wa kupendeza. Speratus akamtazama kwa makini. “Huyo ni Bihogo,” akasema. “Wa Ta Ishengoma.” Na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilikuwa sijamwona kaka yangu akicheka hivyo tangu tukiwa watoto.

Siku chache baadaye mchungaji mwingine akafanya hivyo hivyo kwa Verdiana, na mwingine kwa Eunike, na kabla mvua hazijaanza ikawa desturi, mtu akipeleka ng'ombe chemchemini, watu wanamwambia, “Wapeleke kwa dada zako.” Miaka yote nilidhani ni moyo wa Speratus peke yake. Kule jikoni, kwenye matanga, nilipofika hapa katika kusimulia, Georgia akanikatiza.

“Na nani alimwambia apitishe ng'ombe pale?”

Sote tukageuka.

“Nilimwambia, ng'ombe hawana ukoo, walale popote. Alikaa siku mbili hasemi nami. Ya tatu ilikuwa zamu yake.”

“Wewe, Georgia?” nikasema. “Wewe uliyeuliza kama kibanja kinanijua?”

“Kumbe ulisikia! Bojo, wifi yangu, nilitaka upate kwako uniachie mkungu wangu!” Na akacheka, na mimi nikacheka, tukashikana mikono yenye utomvu wa ndizi kama wasichana. Wifi yangu huyu. Ameficha jambo lile umri mzima, si kwa ubaya, ila hakuona kama ni la kusimuliwa.

Masika yalipofika Mbwambo akatuletea mbegu na mbolea nyingine, tukapanda. Shimo, kizibo cha mbolea, kiganja cha samadi iliyoiva, koroga, udongo kidogo, mbegu, funika. Mgongo uliuma, lakini tulikwenda kwa wimbo. Mama akaja tena na kikapu chake, akasimama pale pale aliposimama mara ya kwanza. Nilikuwa tayari kwa maneno. Akavua kitenge cha mabegani, akakiweka juu ya nyasi, akapiga magoti.

“Hebu nipe hicho kizibo,” akasema. “Nami nizike.”

Akazika mstari mzima, akinung'unika kwamba mashimo yetu hayajanyooka.

Nitasema nini juu ya mahindi yale? Wengine wanakumbuka harusi zao. Mimi nakumbuka mahindi. Yalitoka ardhini tayari yana haraka. Jani la pili kijani, la tatu kijani, la nne kijani kilichokolea, kama jani la mgomba ulio jirani na zizi. Nilikuwa naenda kila asubuhi kuyakagua kwa kidole, nikitafuta zambarau, na zambarau haikuja. Yakafika kiunoni. Yakafika begani. Siku moja nilimwita Verdiana ili nimwombe jembe, akaniitikia na sikumwona, na yeye hakuniona, na tukabaki tunaitana ndani ya mahindi yetu wenyewe, “Uko wapi?” “Niko hapa!” “Wapi?” mpaka tukaishiwa nguvu kwa kucheka.

Ta Ishengoma alikuja na kamati yake kabla masika hayajaisha, kama alivyoahidi. Wanakamati wawili walikuwa wameleta kamba ya kupimia mistari ya mikaratusi, nadhani ili wasirudi mara mbili. Watu waliposikia, wakafuata, nusu ya kijiji. Ta Ishengoma akaingia shambani kwangu kwa mwendo wa mwenyekiti. Nimekwisha sema alikuwa mfupi. Mahindi yakamfunika. Tukaiona kofia, kisha hatukuiona. Tukasikia majani yakichakarisha, upande huu, upande ule, halafu sauti yake ile kubwa kutoka katikati: “Mko wapi? Nitoeni huku!”

Mbwambo ndiye aliyeingia kumtoa. Alitoka na chavua ya mahindi mabegani, kofia imekaa upande, mkononi ana hindi moja bichi ambalo mkono wake haukuweza kulizunguka. Akaligeuza. Akatutazama sisi watatu.

“Mliyalisha nini?”

“Ng'ombe wako, Ta,” Eunike akasema. “Tunakushukuru sana.”

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika mpaka vibanjani. Kisha mzee mmoja, Ta Kaijage, jirani wa baba yangu, ambaye hakuwa amecheka, akasema kwamba sawa, mahindi ni mazuri, lakini shamba lisilo na mpaka si shamba. Na mpaka kwetu ni omulamula, ule mti wa majani marefu kama panga, unaopandwa pembeni mwa kibanja, na ukishapandwa hakuna anayeung'oa. “Na omulamula,” akasema, “mwanamke hapandi. Sijawahi kuona.”

Ilikuwa kweli, hata mimi nilikuwa sijawahi kuona. Hatukuwa na waume wa kupanda kwa niaba yetu, na ndugu akipanda, shamba ni la ndugu.

Ta Ishengoma akatazama hindi lile mkononi. “Na haya, Ta Kaijage, yamepandwa na nani?”

“Na hawa.”

“Basi leo utaona.”

Akatuma watu wakate vipande vya omulamula kwenye mpaka wa kibanja chake mwenyewe. Tukangoja juani. Vilipokuja, akanipa kimoja, akampa Verdiana, akampa Eunike. Nilipiga magoti penye kona, nikachimba, nikasimamisha mti wangu, nikaushindilia kwa kisigino mbele ya kijiji kizima. Speratus alikuwa amesimama mstari wa mbele. Hakusogea kunisaidia, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo. Kama angeugusa ule mti wangesema ni wake. Na Verdiana, mwanamke wa neno moja kwa siku, alipomaliza kushindilia wake akasimama, akafungua kinywa, akapiga kigelegele kirefu ambacho sijasikia mfano wake kanisani wala harusini. Wanawake waliosimama pembeni wakakipokea. Mama alikuwa miongoni mwao.

Jioni ile nilipeleka kikapu cha mahindi mabichi nyumbani kwa kaka. Tulichoma, tukala sote, na Georgia alitoa chumvi. Nilitafuna kwa kelele. Mwaka uliofuata Mama alinipa machipukizi ya migomba yake, nami nikayapanda kwenye mashimo yenye samadi, na yalipokomaa niliyatandazia juu kama alivyonifundisha, na kahawa ikafuata, na nyumba. Verdiana naye hivyo, na Eunike hivyo. Ule udongo mweusi alioukanyaga Renatha ulitengenezwa kikapu kwa kikapu. Na Verdiana tumemzika humo. Hatukumpeleka kwa baba yake wala kwa mume wake. Padri alipouliza kaburi ni kwenye kibanja cha nani, Jasinta alimjibu, “Cha mama.”

Hivi ndivyo ninavyoukumbuka mwaka ule. Inawezekana kuna jina nililoliweka mahali pa jingine. Eunike anasisitiza kwamba mzee wa omulamula hakuwa Ta Kaijage bali ndugu yake, na Mbwambo anaapa kofia ya mwenyekiti ilianguka kabisa ndani ya mahindi na ikapatikana wakati wa kuvuna. Kama ulikuwepo, au mama yako alikuwepo akakusimulia vingine, njoo unirekebishe, sitanuna. Ukifika Nshamba uliza kibanja cha Odilia. Usiulize cha mume wala cha kaka, watakupoteza.